Mtihani ulivuka mstari wa vita, mshahara wa mwalimu nao uvuke

Mwezi Juni 2025, Goma ikiwa imekwisha kukaa zaidi ya miezi minne mikononi mwa waasi wa M23 na Bukavu zaidi ya mitatu, vijana wa miji hiyo miwili ya Kivu, mashariki mwa Kongo, waliketi kufanya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ule unaojulikana Kongo nzima kwa jina la Exetat. Mtihani ulikuwa wa Kinshasa. Ulitungwa na serikali ambayo M23 wanapigana nayo, na cheti chake hutolewa kwa jina la jamhuri ambayo watawala wapya wa Goma hawakuwa wakiitii kwa karibu lolote jingine. Hata hivyo ulifanyika. Waliokuwa wakirushiana makombora walikubaliana, kwa muda na kwa jambo hilo moja, kwamba mtoto wa Kivu asipoteze mwaka wake. Mimi naona hilo ni tukio kubwa kuliko uzito liliopewa katika habari za wiki ile, kwa sababu linavunja kisingizio ambacho tumekisikia miaka nenda miaka rudi: kwamba vita vikiingia, elimu haina budi kusubiri amani.

Kama karatasi ya mtihani inaweza kuvuka mstari wa vita, mshahara wa aliyemfundisha mtahiniwa unaweza kuvuka pia. Katika maeneo maskini yenye vita, kinachoamua kama shule itakuwapo mwaka ujao ni kama mwalimu yumo kwenye orodha ya malipo na kama malipo hayo yanamfika mkononi. Jengo, dawati, kompyuta na mtalaa mpya vina nafasi yake, ila vyote huja baada ya hapo. Na ndicho kitu ambacho serikali dhaifu hukizembea na wafadhili hukikwepa.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. UNICEF ilieleza Februari 2025 kuwa zaidi ya shule na vituo vya kujifunzia 2,500 vilikuwa vimefungwa katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na watoto 795,000 walikuwa hawasomi, kutoka 465,000 mwezi Desemba uliotangulia. Ongezeko hilo ni la wiki chache tu. Lakini sehemu kubwa ya uharibifu ilikuwa imekwisha kutendeka kabla ya hapo, polepole, katika Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, ambako kwa miaka kadhaa madarasa yamekuwa malazi ya waliokimbia. Mtu anayeijua hali hiyo anajua inavyokuwa: usiku familia hulala kati ya kuta za darasa, asubuhi hukunja mikeka na kusogeza masufuria ukutani ili watoto waingie, na madawati hupungua juma kwa juma kwa sababu kuni hakuna. Watoto hujikuta wameketi juu ya mawe ya volkano yaliyotapakaa kote Goma. Hata hapo, mwalimu akiwepo, somo huendelea. Mwalimu akiondoka kwenda kuchimba madini au kuendesha bodaboda apate cha kuwalisha watoto wake, darasa linabaki malazi.

Wakongo wenyewe walilijua hili mapema kuliko mtaalamu yeyote wa misaada. Mobutu alizitaifisha shule za madhehebu mwaka 1974, akashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 akatiliana saini na makanisa, na pia Waislamu, mkataba ulioacha uendeshaji wa kila siku mikononi mwao huku serikali ikibaki kuwa mwajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwajiri huyo akaacha kulipa. Fedha ya taifa ilikuwa imekufa, hazina ilikuwa tupu, walimu wakagoma. Waliolifungua tena darasa walikuwa wazazi. Walikubaliana na makanisa kumlipa mwalimu nyongeza iliyokuja kuitwa primu, na nyongeza hiyo ikageuka kuwa mshahara wenyewe. Ilitoka katika minervali, yaani ada ambayo kila mtoto wa mashariki ya Kongo anaijua kwa sababu amewahi kufukuzwa darasani kwa kutoilipa. Kwa utaratibu huo, nchi iliyopita katika vita viwili vikubwa kati ya mwaka 1996 na 2003 ilitoka na shule zikiwa bado zinapumua. Idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka milioni 5.5 mwaka 2001/02 hadi milioni 13.5 mwaka 2013/14. Serikali haikuwa na uwezo wa kuwabeba watoto wote hao. Waliowabeba ni mama zao waliouza mihogo na makaa.

Siutukuzi utaratibu huo. Ulikuwa wa kikatili. Mtoto aliyekosa ada alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake, mara nyingi katikati ya muhula, na familia yenye watoto watano na fedha ya wawili ilijua nani atabaki nyumbani: msichana. Sehemu ya fedha ilipanda juu, kutoka kwa mkuu wa shule hadi kwa waratibu na ofisi za wilaya na mkoa, kila ngazi ikikata chake. Na shule ya mjini, yenye wazazi wafanyabiashara, ilimlipa mwalimu vizuri, huku ya kijijini ikimlipa kwa maharage au isimlipe kabisa. Hata hivyo ndani ya ukatili huo mna ushahidi ambao hauna budi kuangaliwa. Kila kitu kingine kilipoanguka, yaani barabara, hospitali, posta na mahakama, shule ilibaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemlipa mwalimu.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ahadi hiyo ilikaa kwenye karatasi miaka 13. Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi akaanza kuitekeleza, na mamilioni ya watoto ambao hawakuwahi kuingia darasani, au waliokuwa wametolewa, wakamiminika. Ulikuwa uamuzi wa haki, nami nautetea bila kigugumizi. Lakini uliondoa primu kabla serikali haijajiandaa kuijaza nafasi yake. Mwalimu wa Goma aliyekuwa akipata kwa wazazi fedha nyingi kuliko alizopata kwa serikali alijikuta na wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja na kipato kilichopungua. Mwenzake wa kijijini huenda alipata nafuu, ikiwa tu jina lake lilikuwa kwenye orodha. Maelfu hawakuwamo. Wapo walimu ambao wamefundisha miaka mingi wakiitwa N.P., wasiolipwa, au N.U., wa shule mpya ambazo hazijaingizwa kwenye hesabu. Oktoba 2021 mgomo wa walimu ulifika mahali ambapo wanafunzi wa Kinshasa waliandamana hadi ndani ya jengo la bunge kudai walimu wao walipwe. Mwaka huohuo mkurugenzi wa idara iliyokuwa ikilipa walimu, SECOPE, na mkaguzi mkuu wa elimu walihukumiwa kifungo kwa ubadhirifu. Fedha za mwalimu zilikuwa zikiliwa pale pale zinapohesabiwa.

Sasa tuutazame mnyororo wa malipo kwa karibu, maana hapo ndipo vita hupiga. Mwalimu wa Kongo haandikwi kwenye malipo kwa kuajiriwa tu. Lazima apewe namba na idara ya malipo ya walimu, na shule yake iwe inatambuliwa. Namba hiyo ikipatikana, jina lake huonekana kwenye orodha ya mwezi. Tangu muongo uliopita mishahara imekuwa ikipitia benki, na kule ambako benki hazifiki, kupitia Caritas, shirika la Kanisa Katoliki. Kwa mwalimu wa Walikale au Shabunda, siku ya mshahara ni safari: hufunga darasa, hutembea msituni au hupanda pikipiki kwa fedha ambayo bado hajaipata, hungoja mjini, hulipia malazi, kisha hurudi siku kadhaa baadaye akiwa ametumia sehemu ya mshahara huo kuufuata. Wakati huo wote watoto wake hawana somo. Yaani hata bila risasi moja kulia, namna ya kulipa yenyewe hula siku za masomo. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa. Mwalimu aliyekuwa na kadi ya benki akawa na kadi isiyo na kazi. Kilichoendelea kufanya kazi, kwa shida na kwa makato makubwa ya mawakala, ni fedha za simu.

Kuna nchi nyingine zilizofika hapa kabla ya Kivu, na zinatufundisha jambo. Yemen, mwezi Septemba 2016, serikali inayotambuliwa kimataifa iliihamisha benki kuu kutoka Sanaa kwenda Aden, na walimu wa maeneo yaliyo chini ya Wahuthi wakakosa mishahara. Miaka ilipita. Mwaka 2019 UNICEF ikaanza kuwalipa posho ya takriban dola 50 kwa mwezi walimu na wafanyakazi wa shule zaidi ya laki moja waliokuwa wamekaa bila mshahara, kwa hoja kwamba bila hivyo shule zingekufa zenyewe. Sudan Kusini, Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2017 kuwalipa walimu wa msingi dola 40 kwa mwezi, nchi ambayo mfumuko wa bei ulikuwa umeufanya mshahara wa serikali usitoshe hata nauli. Afghanistan, baada ya Taliban kushika madaraka, UNICEF ililipa dola 100 kwa mwezi kwa walimu 194,000 mwanzoni mwa mwaka 2022, ikiwafikia moja kwa moja bila fedha kupita mikononi mwa watawala. Katika nchi zote tatu, wafadhili waliokuwa wakisema kwamba haiwezekani kulipa mishahara ya nchi nyingine waliigundua njia pale walipolazimika.

Afghanistan inatupa na ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2007, katika mkoa wa Ghor, mmoja wa mikoa maskini kabisa ya nchi hiyo, vijiji vilivyochaguliwa kwa kura vilifunguliwa shule ndani ya msikiti au nyumba ya mtu, mwalimu akiwa mtu wa hapohapo, na vitabu vya serikali. Dana Burde na Leigh Linden walipolinganisha vijiji hivyo na vile vilivyongoja mwaka mmoja zaidi, waliona uandikishaji umepanda kwa pointi 42 za asilimia, na pengo kati ya wasichana na wavulana likakaribia kwisha. Watafiti walikuwa wakipima hasa athari ya umbali, na hilo ni kweli: mzazi humwachia binti yake aende jirani. Lakini angalia shule yenyewe ilikuwa kitu gani. Hakuna jengo lililojengwa. Kulikuwa na mwalimu aliye karibu, anayejulikana, na aliyewezeshwa kufundisha. Afghanistan hiyohiyo inatuonyesha na mpaka wa hoja yangu: wasichana wa sekondari wamefungiwa mlango tangu mwaka 2021, na hakuna mshahara wa mwalimu unaoweza kuufungua mlango ambao mwenye bunduki ameamua kuufunga. Malipo huiokoa shule inayokufa kwa njaa. Inayouawa kwa amri inahitaji mapambano mengine.

Pingamizi la kwanza ni zito, na linatoka kwa wachumi. Indonesia iliamua kwa sheria ya mwaka 2005 kuwapa walimu waliothibitishwa nyongeza inayolingana na mshahara wao wa msingi. Watafiti wakiongozwa na Joppe de Ree waliufuatilia mpango huo kwa jaribio kubwa na kuchapisha matokeo mwaka 2018: walimu waliridhika zaidi, walipunguza kazi za pembeni, shida zao za fedha zilipungua, na wanafunzi hawakujifunza zaidi hata kidogo. Kwa hiyo, wanasema, mshahara si dawa. Nami nakubaliana na utafiti huo. Ila unajibu swali jingine. Mwalimu wa Indonesia kabla ya nyongeza alikuwa na mshahara, alikuwa darasani, na mwezi ukiisha alijua atapata nini. Walichopima ni tofauti kati ya kulipwa na kulipwa maradufu. Kivu swali ni kulipwa au kutolipwa, na tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kuwapo darasani na kutokuwapo. Tukitazama matokeo hayohayo ya Indonesia kwa jicho la Kongo, lile la walimu kupunguza kazi za pembeni, ambalo kule lilionekana dogo, huku lingekuwa jambo kubwa kuliko yote.

Tanzania nayo ina ushahidi wake unaogusa hapa. Katika jaribio la KiuFunza lililofanywa na shirika la Twaweza na wenzake mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za msingi, shule zilizopewa fedha za ruzuku peke yake hazikuonyesha mabadiliko katika ujifunzaji. Zilizopewa ruzuku pamoja na motisha kwa walimu kulingana na matokeo ya watoto zilionyesha maendeleo ya wazi. Vifaa vilizaa matunda pale tu mwalimu alipokuwa na sababu ya kuvitumia. Kama hali ni hiyo katika nchi yenye amani, mshahara wa kila mwezi na ukaguzi wa kawaida, sioni kwa nini tutarajie mahema na mikoba ya shule iliyochapwa nembo za mashirika ifanye kazi yenyewe huko ambako mwalimu hajalipwa tangu vita vianze.

Hilo halimaanishi mshahara utamfanya kila mtoto asome. Benki ya Dunia imekadiria kuwa watoto 97 kati ya 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Aibu hiyo ilijengeka miaka mingi, ikiwemo miaka ambayo walimu walilipwa na wazazi. Lugha ina sehemu yake katika jambo hili. Sera ya Kongo inaruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, zitumike mwanzoni mwa shule ya msingi, lakini vitabu vya kusomea kwa Kiswahili ni haba na mtoto wa Uvira au Beni hukutanishwa mapema na Kifaransa ambacho hajakisikia nyumbani. Mwalimu analipwa ili awepo. Akiwepo, ndipo kazi ya kumpa vitabu na mafunzo inapopata mahali pa kuanzia.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, na Kinshasa lina mashabiki wengi: kulipa mishahara Goma na Bukavu ni kuwapunguzia waasi mzigo, na franga zitakazofika kule zitatozwa kodi na M23 sokoni. Sehemu ya hilo ni kweli. Mwalimu akinunua unga, muuza unga hulipa ushuru kwa anayetawala mji. Lakini tuutazame upande wa pili. Mwalimu asipolipwa na serikali atarudi kwa wazazi, na minervali iliyofutwa mwaka 2019 itarejea kimyakimya katika mikoa ile ile ambayo watu wake wamepoteza mashamba na maduka. Mtoto wa mkimbizi wa ndani hataweza kuilipa. Na kijana wa miaka 14 asiye na shule, katika eneo lenye makundi yenye silaha kila upande, M23 na pia Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, ana watu wengi wanaomngoja. Ripoti za kila mwaka za Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto na vita zimeitaja Kongo mara kwa mara miongoni mwa nchi zenye ukiukaji mwingi zaidi. Serikali inayojinyima kumlipa mwalimu ili kumkomoa mwasi inampa mwasi huyo askari. Zaidi ya hayo, mshahara unaotoka Kinshasa na kufika Goma ni mmoja wa nyuzi za mwisho zinazomfungamanisha raia wa kule na jamhuri yake. Nani aliyefaidika zaidi Juni 2025 pale kijana wa Bukavu alipoandika mtihani wa taifa lake chini ya bendera ya watu wengine? Hakika hakuwa M23.

Pingamizi la tatu ni walimu hewa. Baada ya hukumu za mwaka 2021 hakuna anayeweza kulipuuza, na msomaji wa Tanzania anayekumbuka uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016 anajua kwamba ugonjwa huu si wa Kongo peke yake. Lakini tujiulize wizi hutokea wapi. Hutokea mahali ambapo orodha ni ndefu, inashikwa na watu wachache, na anayelipwa hajulikani kwa anayelipa. Dawa yake ni kufupisha njia. Fedha ziende moja kwa moja kwenye simu ya mwalimu, makato ya kutolea yawe yamelipwa na mtumaji, na orodha ya kila shule ibandikwe ukutani mwake: majina, darasa analofundisha kila mmoja, na kiasi alichotumiwa. Kongo tayari ina kamati za wazazi, COPA, katika shule zake. Mzazi wa Kalehe hahitaji mkaguzi kutoka mji mkuu ili ajue kama mwalimu wa darasa la tatu yupo. Anamwona. Kinachokosekana ni kumpa mzazi huyo orodha, na kumhakikishia kwamba akisema jina hili halipo hapa, malipo yake yatasimama mwezi huohuo. Sudan Kusini, nchi yenye dola changa na ofisi dhaifu kuliko Kongo, mpango wa Umoja wa Ulaya uliyafunga malipo na mahudhurio. Haukuwa bila dosari, lakini ulilipa.

Wengine watasema fedha hazipo, na wakati huu wana sababu. Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, katikati ya mwaka 2025, na nchi za Ulaya zimekuwa zikipunguza bajeti zao. UNICEF ilionya Septemba 2025 kuwa misaada ya elimu duniani ingepungua kwa dola bilioni 3.2 hadi kufikia mwaka 2026, karibu robo yake. Elimu, tena, ni mtoto wa kambo wa misaada ya dharura: hupata takriban senti tatu katika kila dola. Basi ni sababu zaidi ya kuchagua. Tupige hesabu ya mfano tu. Walimu 50,000, kwa dola 100 kila mwezi, mwaka mzima, ni dola milioni 60. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 mwaka 2020 kusaidia mpango wa elimu ya bure wa Kongo katika mikoa kumi. Kiasi cha kuwabakisha walimu wa eneo zima la vita darasani ni sehemu ndogo ya mradi mmoja. Tatizo la mshahara machoni pa mfadhili ni kwamba hauna siku ya kuzinduliwa. Hakuna utepe wa kukata, hakuna kibao cha shaba, na ukianza kuulipa huwezi kutangaza kwamba umemaliza. Mhasibu huuita gharama isiyokoma, na kanuni za misaada mingi humkataza kuigusa. Kanuni hizo ziliandikwa na watu, na Yemen na Afghanistan zimeonyesha kuwa watu wanaweza kuziweka kando.

Na usalama je? Mwalimu aliyelipwa anaweza kuuawa. Kongo iliridhia mwaka 2016 Tamko la Shule Salama, lililozinduliwa Oslo mwaka mmoja kabla, linalozitaka nchi zisiyatumie majengo ya shule kwa shughuli za kijeshi, lakini jeshi lake na makundi yanayopigana wameendelea kuingia madarasani. Sina jibu linalotosha kwa hilo zaidi ya kusema kwamba walimu wa Kivu wameishi na hatari hiyo miaka 30 na wameendelea kufundisha. Wanachokidai katika migomo yao ni mshahara.

Kuna kundi moja ambalo mijadala ya mishahara hulisahau: mwalimu aliyevuka mpaka. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, imekuwapo tangu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye ikapokea Warundi pia. Madarasa yake hufundishwa kwa sehemu kubwa na wakimbizi wenyewe, kwa mitalaa ya nchi walizotoka, na hupewa posho ndogo ambayo haistahili kuitwa mshahara. Uganda, yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, imewaweka watoto wao katika shule za kitaifa kwa mujibu wa mpango wake wa mwaka 2018, hatua ya heshima. Lakini mwalimu wa Rutshuru anayefika kule na diploma yake ya Kifaransa hukuta haitambuliwi, akibahatika anakuwa msaidizi wa darasa, anayewatafsiria watoto anachosema mwalimu mwingine. Huyu ni mtu mwenye miaka 15 ya kazi. Ripoti za mwaka 2023 zilihesabu duniani watoto wakimbizi wa umri wa shule takriban milioni 14.8, na takriban nusu yao hawakuwa wakisoma. Ni asilimia 7 tu ya vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu. Katikati ya upungufu wa namna hiyo tunao walimu waliokaa bure kwenye mahema. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Kutambuliana vyeti vya ualimu, angalau kwa darasa la kwanza hadi la nne na angalau kwa Kiswahili, hakuhitaji fedha za mfadhili yeyote. Kunahitaji mawaziri wa elimu wakae chini wasaini.

Na meza za kukalia zipo. Februari 8, 2025 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na wa SADC walikutana Dar es Salaam, na tamko lao likataja kusitishwa kwa mapigano, uwanja wa ndege wa Goma na njia za misaada. Julai 19, 2025 serikali ya Kongo na M23 walitia saini tamko la kanuni mjini Doha. Katika mazungumzo ya namna hii hujadiliwa wafungwa, vituo vya ukaguzi, madini na nani atalinda barabara ipi. Mishahara ya walimu ina kila sifa ya kuwa jambo la awali la kukubaliana. Ni fedha ndogo kuliko zote zinazogombaniwa, haimpi yeyote kilima wala daraja, na pande zote zimekwisha kuonyesha, kwa mtihani ule, kwamba zinaogopa hasira ya wazazi. Mpatanishi anayetafuta kitu cha kuwazoesha maadui kutimiza ahadi ndogo kabla ya kubwa amewekewa mezani. Orodha ya malipo ya walimu wa mikoa miwili ya Kivu ihakikiwe na COPA za kila shule, ikabidhiwe kwa mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, fedha zitoke Kinshasa na kwa wafadhili, zipite kwenye simu, na M23 waahidi kwa maandishi kutozitoza chochote kwenye chanzo. Mwaka wa shule wa Kongo hufunguliwa Septemba. Kazi ya kuhakiki majina huhitaji miezi michache, kwa hiyo kila msimu wa mtihani unapofika, watu wale wale wanaokubaliana kuhusu mabegi ya karatasi za Exetat wanao muda wa kutosha kukubaliana na kuhusu watakaofundisha muhula unaofuata.